Mkaguzi wa Nguzo na Ndege Asiye na Cheti

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, na nyinyi mliokuja kwa sababu mmesikia tu kwamba hapa kuna msiba, nawashukuru kwa kufika. Mimi ni mdogo wake marehemu, wa mwisho katika watoto wanne, fundi cherehani, na familia imenituma niwasomee historia ya dada yetu. Niseme mapema kwamba historia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ukurasa mmoja, imeandikwa na baba yetu mdogo kwa nia njema, na ndani yake dada aliacha kazi kwa hiari yake mwaka 2009. Shirika la umeme, alikofanya kazi miaka ishirini na sita, limeleta shada la maua na wawakilishi wawili, tunawakaribisha, wamekaa viti vya mbele, na jana walimwomba baba mdogo sentensi ile ibaki ilivyo, tusije tukafukua mambo siku ya kuzika. Baba mdogo, shikamoo, nakuheshimu, lakini karatasi yako iko kwenye pochi yangu na humo haitoki. Ninayoisoma ni ya pili.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, mtoto wa kwanza, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu, seremala wa milango na majeneza. Uani kulikuwa na mti mkavu ambao baba alikusudia kuukata kila mwaka na kila mwaka akauacha, na kwenye mti ule ndipo dada, akiwa na miaka sita, alipomwona kigong'ota kwa mara ya kwanza, akakaa chini kumtazama mpaka mama akaanza kumtafuta kwa majirani. Alichokiona siku ile alituhadithia maisha yake yote, na sisi wadogo zake tulikijua kabla ya kujua kusoma: kwamba ndege yule hukwea shina wima, kwa kuwa vidole vyake viwili vinatazama mbele na viwili nyuma, na mkia wake una manyoya magumu anayoyaegemeza kwenye gome, kwa hiyo anapochimba anakuwa amesimama kwa miguu mitatu, kama kigoda cha baba, na kabla mdomo haujagusa mbao hufumba jicho kwa kope ya ndani isiyoonekana, ili vumbi lisimwingie, na tundu za pua zake zimefunikwa kwa vinyoya kwa sababu hiyo hiyo. Baba alikuwa akisema kwamba huyo ndiye fundi pekee mtaani anayejikinga na vumbi, kisha anakohoa.

Elimu ya msingi aliipata kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, na ya sekondari kuanzia 1977 hadi 1980, katika shule ya wasichana iliyokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka nyumbani. Mwaka 1978 mwalimu wa sayansi alifundisha kwamba kigong'ota haumwi kichwa kwa sababu ndani ya fuvu lake kuna kitu laini kama godoro kinachopokea kishindo, na dada akanyoosha mkono akasema hakuna. Alikuwa amemwokota mmoja aliyekufa kwa kugonga kioo cha dirisha, akamchemsha kwenye kopo la rangi, akalipasua fuvu kwa msumeno mdogo wa baba, akakuta mfupa mgumu tu, ubongo mdogo uliokaa mahali pake bila nafasi ya kuyumba, na mizizi ya ulimi iliyozunguka nyuma ya kichwa, ikapita utosini na kuja kuishia karibu na pua, maana ulimi wa ndege huyo ni mrefu kuliko mdomo wake na inabidi upate pa kukaa. Hoja yake ilikuwa nyepesi, kwamba nyundo yenye godoro haipigi msumari. Alisimamishwa masomo siku mbili kwa utovu wa adabu, na aliporudi alikuta lile fuvu la ndege alilomwonyesha mwalimu limewekwa kwenye kabati la maabara, lina kibandiko chenye jina la mwalimu. Mama alimwambia ayaache, akayaacha, ila kila tulipopita nje ya shule ile alikuwa akisema, "Mle ndani mna kitu changu."

Mwaka 1981 na 1982 alisoma chuo cha ufundi, akapata cheti cha useremala na utunzaji wa mbao, na tarehe 1 Februari 1983 akaajiriwa na shirika la umeme kama karani wa ghala la nguzo. Mwezi Mei 1987, baada ya kuomba mara nne, alipewa kazi ya ukaguzi, mwanamke wa kwanza katika kitengo kile, na wenzake wakamuuliza kama atatembea na nyundo au na mwiko. Kazi yenyewe wengi wenu hamkuijua, mlimwona tu barabarani na kofia yake ya njano akigonga nguzo, mkadhani ana lake jambo. Mkaguzi huigonga nguzo ya mbao kuanzia chini mpaka mkono unapofika, akiizunguka na kusikiliza, nguzo nzima hujibu kwa sauti kavu ya juu, na iliyooza ndani hujibu chini chini, kama mtu anayezungumza na chakula mdomoni. Akitilia shaka huitoboa kwa keekee na kuutazama unga unaotoka, na ikiwa mbovu huizungushia pete ya rangi nyekundu, maana yake mtu asiipande, na iondolewe.

Dada hakumaliza mwezi kabla ya kugundua kwamba kazi ile ilikuwa na mwenyewe tangu zamani. Kigong'ota akitafuta chakula hugonga kidogo, hunyamaza, husogea, hugonga tena, anatafuta mahali ambapo mabuu ya wadudu yamechimba njia zao ndani ya mbao, akipapata ndipo huvunja, na kuupenyeza ule ulimi wenye ncha ya miiba na mate ya kunata, akamtoa buu aliyedhani amejificha. Ule mlio wa haraka mnaousikia asubuhi, kama wa mtu anayebisha hodi kwa hasira, hauna chakula ndani yake, hayo ni maneno yake, anawatangazia wenzake kwamba hapa pana mwenyewe, na ndiyo maana huchagua tawi linalolia vizuri, na akikosa tawi atagonga hata bati la nyumba yako, na ukimfukuza atarudi. Kwa ajili ya kueleza haya kila mahali, kazini, sokoni, hata kwenye foleni ya kliniki, dada alibandikwa jina la Kigong'ota, na waliombandika walidhani wamemtukana.

Niiache kazi kidogo nieleze ndoa, maana shemeji yangu amekaa hapa na ni mtu wa aibu, nisipomsemea hatajisemea. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, yeye akiwa mwoka mikate katika kiwanda kidogo nyuma ya soko, na wakajaliwa watoto watatu, wa kike mwaka 1990, wa kiume mwaka 1993, na kitinda mimba wa kike mwaka 1997. Katika vigong'ota wengi dume na jike huchimba kiota kwa zamu, hawaleti nyasi wala manyoya, mayai meupe hutagwa juu ya vumbi la mbao walilolichimba wenyewe, na usiku anayelala juu ya mayai ni baba. Dada alimsomea shemeji habari hii wiki ambayo mtoto wa kwanza aliletwa nyumbani, akamkabidhi mtoto, akalala. Shemeji alinong'ona kwamba angejua angeoa familia ya njiwa, lakini watoto wote watatu amewalea mikononi mwake, na mwoka mikate huyu sijapata kumsikia akijuta.

Tangu mwaka 1988 dada alikuwa na madaftari, yale ya shule ya kurasa tisini na sita, akiandika kila nguzo yenye tundu la kigong'ota, namba yake, tarehe, kama tundu ni la kula, ambalo huwa limeparurwa ovyo, au la kuishi, ambalo ni duara safi lenye chumba kirefu ndani mfano wa kibuyu, na mwisho nyundo ilijibu nini. Baada ya miaka kumi na minane alikuwa na nguzo 412 zenye matundu, na katika hizo 371 zilikuwa zimeoza au zina wadudu, na 41 zilikuwa nzima kabisa, ndege alitaka nyumba tu. Hizo 41 hakuzificha, alizipigia mstari, kwa sababu alisema anayeficha zinazomkana hana haki ya kuonyesha zinazomuunga mkono.

Tarehe 6 Novemba 2006 ulitoka waraka wa meneja mpya kwamba ndege wanaharibu nguzo za shirika, kwa hiyo matundu yote yazibwe kwa saruji na kupakwa rangi, na ndege wafukuzwe. Dada alibeba madaftari kumi na moja mpaka ofisini kwake, akamweleza kwamba uozo unakuwapo kabla ndege hajafika, ndege anauonyesha tu, kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba saruji hupasuka pembeni, hunasa maji ya mvua, na kuiozesha nguzo upesi zaidi, tena kwa ndani ambako nyundo husikia kishindo cha saruji badala ya ukimya wa mbao. Meneja alimsikiliza akitabasamu, kisha akamuuliza huyo ndege ana cheti cha chuo gani. Dada akamjibu kwamba hana cheti, lakini hajawahi kusaini asichokigonga. Kuanzia siku ile barua za onyo zilianza kuja, na wenzake wakawa wanamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye akiwaambia waangalie guu la nani.

Sasa nafika kwenye ukurasa ulioombwa usisomwe. Nguzo namba 618 ilisimama kwenye kona mbele ya duka la vifaa vya kuandikia. Tarehe 14 Januari 2009 dada aliigonga, akaitoboa, ukatoka unga wa kahawia wenye unyevu, akaizungushia pete nyekundu, akajaza fomu kwamba ni mbovu, iondolewe. Hapa nilitaje kosa lake, maana alikuwa nalo na alilijutia mpaka mwisho: karatasi ya kaboni ilikuwa imekwisha ofisini tangu Desemba, akaikabidhi fomu ile bila kubaki na nakala, na ushahidi wake pekee ukawa mstari ndani ya daftari la ndege, uliosema, "618, mbovu, pete imewekwa, tundu la kuishi upande wa magharibi, wazazi wote wawili wanalisha." Siku sita baadaye kikosi cha saruji kilipita mtaa ule, kikaziba tundu, na kupaka rangi ya kijivu kuanzia chini mpaka juu, pamoja na pete. Tarehe 23 Aprili 2009, saa nne asubuhi, fundi wa laini mwenye umri wa miaka ishirini na saba aliipanda nguzo 618 kwenda kubadilisha kikombe cha waya, kile cha kauri kinachoushikilia, nguzo ikakatika pale pale penye saruji, na fundi akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Kamati ya uchunguzi ilikaa siku mbili. Fomu haikuonekana. Daftari lilipokelewa, likatazamwa, likarudishwa kwa maelezo kwamba ni kumbukumbu binafsi za ndege, na ikaamuliwa kwamba mkaguzi hakuiwekea nguzo alama. Walimpa karatasi asaini kwamba anaacha kazi kwa hiari yake, yaishe, funika kombe mwanaharamu apite, naye akairudisha bila saini, kwa hiyo tarehe 30 Juni 2009 akaachishwa kazi kwa uzembe uliosababisha kifo. Mnasikia, ndugu zangu, hiari ile ile aliyoikataa akiwa hai, ameletewa tena jana akiwa hawezi kuirudisha. Ndiyo maana nairudisha mimi.

Mama mzazi wa yule fundi aliyekufa anauza uzi, vifungo na vitambaa, na mimi nilikuwa mteja wake kwa miaka mingi. Aliacha kuniuzia. Nikiingia dukani alikuwa akigeuka kupanga rafu mpaka nitoke, na sikumlaumu hata siku moja, aliambiwa mwanawe ameuawa na dada yangu, angefanya nini. Dada alikwenda kwake mara tatu na mara tatu mlango haukufunguliwa, na huo ndio uliomuuma, kufukuzwa kazi alikusahau, lakini alikuwa akisema kwamba kuna mama mjini humu anayelala akijua jambo ambalo si kweli.

Hata hivyo hakukaa kulia. Asubuhi alisaidia kuuza mikate ya mumewe, na mchana alivaa kofia yake ile ile ya njano, akanunua nyundo na kopo la rangi nyekundu, akaendelea kukagua nguzo za mji huu bila kutumwa na mtu. Shirika lilimwandikia aache, hakuacha, na mwezi Septemba 2012 likamshtaki polisi kwa kuharibu mali. Askari aliyemhoji alikuwa kijana mpole, akamtaka aonyeshe anachofanya, wakatoka nje mpaka kwenye nguzo iliyo mbele ya kituo, dada akagonga, askari akaweka sikio, akagonga tena juu kidogo, askari akatazama juu, akamwambia, "Mama, mbona hii imeinamia ofisi yetu?" Kesi iliishia pale. Kwa miaka kumi na miwili aliziwekea pete nguzo 43, na shirika ambalo halikumtambua liliondoa 39 kimyakimya, kwa hiyo wawakilishi, msijitie hamnazo, kazi yake mliijua.

Tarehe 19 Agosti 2017 mtu mmoja aliingia kwenye duka la uzi akaomba kukaa. Yuko hapa leo, safu ya tatu, na ameniruhusu nimtaje kwa kazi yake, ni mpaka rangi. Alimwambia yule mama kwamba yeye ndiye aliyeipaka rangi nguzo 618, kwamba pete nyekundu aliiona kwa macho yake akauliza, na msimamizi akamwambia apake, amri ni rangi moja. Akasema pia kwamba saruji ilipoingia tundu lile ndani kulikuwa na sauti. Makinda wa kigong'ota hawanyamazi, huvuma mchana kutwa kama cherehani iliyo mbali, na yeye aliwasikia wakivuma, kisha akapaka rangi. Siku ile ile mama yule alifunga duka, akamshika mpaka rangi mkono, wakaja wote wawili nyumbani kwa dada. Nilikuwapo. Dada hakumfokea yule mpaka rangi, alimtengea kiti, na alipomaliza kusikiliza alimuuliza swali moja tu, kama sauti zilikuwa nyingi au moja, akajibiwa nyingi, akaingia ndani akakaa huko kwa muda mrefu. Alipotoka, yule mama alimpokea mikononi, na wakalia kwa sauti, watu wazima wawili, na mimi pia nililia.

Barua yao, yenye maelezo ya mpaka rangi na alama za vidole gumba vya wote watatu, ilipelekwa shirika tarehe 12 Machi 2018, na jibu likawa faili limefungwa. Ya pili, ya mwaka 2021, haikujibiwa.

Mwezi Mei 2021 dada aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, kisha mara tatu, na mashine ile ilipokuwa ikifanya kazi aliwasimulia wagonjwa wenzake kwamba kigong'ota huchimba nyumba mpya karibu kila mwaka, na ile ya zamani haipotei, huingia kwezi, huingia nyuki, huingia popo, viumbe wasio na mdomo wa kuchimba, kwa hiyo ukimfukuza mmoja umewanyima wengi pa kulala. Alifariki siku ya Jumamosi, tarehe 3 Agosti 2024, saa tano asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja. Aliyekuwa amemshika mkono wa kushoto ni mumewe, na wa kulia ni mama yake fundi, ambaye aliniuzia uzi niliomshonea dada nguo aliyovaa leo, au tuseme alikataa kuniuzia, alinipa. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne na madaftari ishirini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kitanda cha dada kisogezwe dirishani. Tunawashukuru majirani, mliovumilia kelele za nyundo na hamkuuliza, na waliouliza wakajutia kwa saa nzima. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake waliokuja leo, tena tunajua baadhi yenu mmekuja bila ruhusa. Tunamshukuru mpaka rangi, ambaye angeweza kunyamaza mpaka kaburini na asingejulikana. Wawakilishi wa shirika, maua yenu tumeyapokea, yatawekwa pamoja na mengine, hatuwagombezi nyinyi mliotumwa, ila waambieni waliowatuma kwamba ile sentensi imekataliwa mara ya pili.

Na muwaambie hili pia. Jiwe la kaburi liko tayari, tuliwaza wiki nzima tuandike nini, mwisho maneno tukamwachia mama yake fundi ayachague, kwa kuwa ndiye aliyedanganywa kuliko sisi sote. Litakuwa na tarehe mbili, na chini yake maneno manne: "Nguzo 618 aliandika mbovu." Faili lenu lina kufuli, jiwe hili litakaa nje, wazi, na kila anayejua kusoma atalisoma, na asiyejua atasomewa.

Dada yangu, lala, pumzika kwa amani. Sisi bado tunagonga.